Cheti kipi, cha kumpeleka wapi? Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa karo ya chuo cha kiufundi

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, simu yangu huanza kulia kabla hata hatujamaliza kupanga orodha ya shule zilizofanya vyema katika kurasa za gazeti.

Wanaopiga huwa ni jamaa, majirani wa kijijini na watu tuliosoma nao zamani. Watoto wao wamepata alama ya C-, D+ au D, na swali lao huwa lile lile: “Huyu sasa tumpeleke kozi gani?”

Ni swali zito. Katika mtihani wa mwaka 2024, watahiniwa 246,391 walipata alama ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo kizingiti cha kusomea shahada moja kwa moja kutoka shule ya upili. Waliofanya mtihani huo walikuwa zaidi ya 960,000. Maana yake ni kwamba takriban watatu kati ya kila wanne walihitaji njia nyingine ya kuendelea na masomo.

Kwa bahati mbaya, familia nyingi huichagua njia hiyo kwa siku chache, zikiwa bado na huzuni ya matokeo, na aghalabu hufuata jina la kozi linalovutia masikioni. Kosa la namna hiyo liliwahi kuifika familia yangu.

Mpwa wangu alipata C- mwaka 2019. Dada yangu, mjane anayeishi kwa kuuza maziwa, alijiwa na wakala wa chuo kimoja cha kibinafsi aliyemwahidi kwamba kijana angepata “diploma ya uhandisi wa umeme” kwa miezi kumi na minane. Ng’ombe wawili wakauzwa. Kijana akasoma, akafanya mitihani iliyotungwa na kusahihishwa na chuo chenyewe, kisha akavaa joho na kupigwa picha.

Alipokwenda kuomba kazi kwa mwanakandarasi wa umeme, aliulizwa mambo mawili: mtihani wake ulisimamiwa na baraza gani, na je, alikuwa na leseni? Hakuwa na jibu. Cheti chake kilikuwa na muhuri wa kupendeza, lakini hapakuwa na asasi yoyote ya serikali iliyokitambua.

Linaloumiza zaidi ni kwamba ile C- yake ilitosha kumwingiza katika chuo cha umma cha kiufundi kusomea diploma halisi. Hakuna aliyemwambia. Mimi mjomba wake, niliyesoma hadi chuo kikuu na kufanya kazi gazetini miaka mingi, sikuulizwa, wala sikujipa taabu ya kuuliza.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba cheti cha ufundi huchaguliwa kwa kutazama mbele. Kabla ya shilingi moja kutoka mfukoni, mzazi na mwanafunzi wanapaswa kujua nani anakitambua cheti hicho, kinamruhusu mwenye nacho kufanya kazi gani, na ni ngazi ipi inayokifuata. Maswali hayo matatu ndiyo nitakayoyafafanua hapa.

Ngazi zilivyopangwa

Kwanza ni vyema kuelewa jinsi vyeti vyenyewe vilivyopangwa. Sheria ya mwaka 2014 iliunda mfumo wa kitaifa unaozipa sifa zote za kielimu nafasi katika ngazi moja yenye viwango kumi. Kileleni, katika Kiwango cha 10, ndiko iliko shahada ya uzamifu. Shahada ya kwanza iko katika Kiwango cha 7.

Chini yake kidogo ipo diploma, ambayo ni Kiwango cha 6. Kiwango cha 5 ni cheti cha ufundi ambacho wengi hukiita krafti, na Kiwango cha 4 ni cheti cha fundi anayeanza kujitegemea kazini.

Kwa jumla, mwanafunzi mwenye C- anaweza kuomba nafasi ya kusomea diploma moja kwa moja. Mwenye D anaweza kuanzia Kiwango cha 5. Aliyepata D- au E hajafungiwa mlango, kwani anaweza kuanzia Kiwango cha 4. Ambaye hakumaliza shule ya upili ana nafasi katika vyuo vya mafunzo ya ufundi vinavyoendeshwa na serikali za kaunti, vile ambavyo zamani tuliviita polytechnic za vijijini.

Hayo ni masharti ya jumla. Baadhi ya kozi huongeza masharti ya masomo mahususi, hasa hisabati, fizikia, biolojia na lugha, na kozi za afya hudai alama za juu kidogo.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba ngazi hii hupandwa. Aliyeanzia Kiwango cha 4 akafaulu anaruhusiwa kuendelea hadi cha 5, kisha cha 6. Atachukua muda mrefu kuliko mwenzake aliyeanzia kwenye diploma, lakini tayari atakuwa na cheti cha kumpatia riziki akiwa njiani.

Juu ya diploma ya kawaida kuna diploma ya juu, inayowafaa watu waliokwisha kuingia kazini na wanaotaka kubobea katika tawi moja la fani yao. Mwanafunzi aliyetoka shuleni jana hana haja ya kuikimbilia, ila ni vizuri ajue mapema kwamba ipo na kwamba hujengwa juu ya diploma inayotambulika.

Dharau ilikotoka

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini mambo haya hayajulikani ilhali elimu ya ufundi nchini ni ya tangu jadi. Chuo ambacho leo ni Kabete National Polytechnic kilianza mwaka 1924 kikiwa mahali pa kuwafundisha Waafrika kazi za mikono. Katika zama hizo za ukoloni, Mwafrika alifunzwa useremala na uashi ili atumike, na elimu ya vitabu ikaonekana kuwa ndiyo ya bwana. Hisia hiyo haikuondoka pamoja na bendera ya Uingereza.

Mwaka 1966, makanisa kupitia baraza lao la kitaifa yalichapisha ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule ya msingi waende wapi. Polytechnic za vijijini zilitokana na juhudi hizo. Zilisaidia maelfu ya vijana, lakini machoni pa wengi zikawa mahali pa kupeleka walioanguka mtihani.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulinuia kurekebisha hali hiyo kwa kuwafundisha watoto wote useremala, ushonaji, upishi na kilimo. Wazazi walijenga karakana kwa harambee. Hata hivyo, vifaa havikutosha, na mapema katika miaka ya 2000 masomo mengi ya mikono yakaondolewa katika mtihani wa darasa la nane. Karakana nyingi zikageuzwa madarasa au maghala.

Kisha likaja wimbi la vyuo vikuu. Kenya Polytechnic ya Nairobi na Mombasa Polytechnic zilifanywa vyuo vikuu vishiriki mwaka 2007, na kufikia mwaka 2013 zilikuwa vyuo vikuu kamili vya kiufundi. Nafasi za kusomea shahada ziliongezeka, lakini taifa likawa limezipandisha cheo taasisi mbili zilizokuwa zikitoa mafundi na wataalamu wa ngazi ya kati kwa wingi.

Serikali imejaribu kuliziba pengo hilo kwa kuvipandisha hadhi vyuo vingine kama vile Kabete, Nyeri, Sigalagala na Kenya Coast, vikaungana na Eldoret na Kisumu kuwa polytechnic za kitaifa. Majengo yameongezeka na vifaa vimenunuliwa. Fikra za wazazi ndizo zimechelewa kubadilika, na pengo hilo la fikra ndilo mawakala wa kozi za mkato hulitumia kuvuna.

Swali la kwanza: Nani anakitambua?

Chini ya sheria ya mwaka 2013, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi, TVETA, ndiyo inayosajili na kutoa leseni kwa vyuo vya kiufundi, vya umma na vya kibinafsi. Kila chuo halali huwa na cheti cha usajili, na mzazi ana haki ya kuonyeshwa.

Hata hivyo, usajili wa chuo peke yake hautoshi. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kuidhinishwa kufundisha ushonaji na kompyuta, kisha kikaongeza kozi ya umeme ambayo hakijaruhusiwa kuifundisha. Kwa hivyo mzazi aulize mara mbili: je, chuo kimesajiliwa, na je, kozi hii mnayotaka kumuuzia mwanangu imeidhinishwa?

Linalofuata ni mtihani. Kwa miaka mingi, mitihani ya vyuo vya kiufundi imekuwa ikitungwa na Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC. Kozi za mtaala mpya unaozingatia umilisi, yaani uwezo wa mtu kuitenda kazi yenyewe, hutathminiwa chini ya TVET CDACC. Mafundi wanaotaka kupimwa ustadi wao kwa vitendo huenda kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, inayotoa vyeti vya daraja la tatu, la pili na la kwanza.

Kwa wanaosomea uhasibu, bodi inayohusika ni KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969.

Zipo taasisi chache zenye mamlaka ya kisheria ya kutoa vyeti vyake zenyewe, mfano mzuri ukiwa chuo cha mafunzo ya matabibu cha KMTC. Chuo kisicho katika kundi hilo kinapomwambia mwanafunzi kwamba mtihani wa mwisho ni “wa ndani”, mzazi asimame hapo na kuuliza zaidi. Mpwa wangu aliambiwa maneno hayo siku ya kwanza, na dada yangu akadhani ni sifa.

Swali la pili: Kinaruhusu kazi gani?

Zipo kazi ambazo sheria hairuhusu mtu kuzifanya kwa cheti cha chuo pekee. Fundi wa umeme ni mfano wa karibu. Anayetia nyaya za stima katika majengo anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA. Leseni hizo zina madaraja. La chini humruhusu fundi kushughulikia kazi ndogo kama za nyumba za makazi, nayo ya juu humfungulia kazi za mitambo mikubwa. Daraja analopewa mtu hutegemea cheti alicho nacho na uzoefu wake.

Hivyo anayetaka kusomea umeme aulize hivi kabla ya kujiandikisha: cheti hiki kitaniwezesha kuomba leseni ya daraja gani? Chuo kinachojua kazi yake kitajibu bila kigugumizi.

Katika fani za uhandisi kuna utata mwingine ambao umewaliza vijana wengi. Bodi ya Wahandisi wa Kenya husajili waliosomea shahada za uhandisi zilizopewa ithibati. Mwenye diploma au shahada ya teknolojia husajiliwa na bodi tofauti, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya wanateknolojia na mafundi wa fani za uhandisi.

Kuwa mwanateknolojia si unyonge. Ndiye anayeifahamu mashine kwa undani na kuifanya izunguke. Lakini kijana aliyeahidiwa kwamba ataitwa “mhandisi” kisha akagundua mwishoni kwamba mlango ule haukuwa wake atahisi amehadaiwa, na atakuwa na haki ya kuhisi hivyo.

Katika afya, wauguzi, matabibu na wataalamu wa dawa kila mmoja ana baraza au bodi yake. Diploma ya uuguzi au ya utabibu hudai alama ya jumla ya C pamoja na alama mahususi katika masomo kama biolojia na lugha. Mwanafunzi aliyepata C- akiahidiwa diploma ya uuguzi katika chuo fulani, hata kama atafundishwa vizuri, atajikuta hawezi kusajiliwa wala kuruhusiwa kumdunga mgonjwa sindano.

Vijana wa Pwani wanaotamani kazi za melini wana mlango wao pia. Mabaharia hufunzwa na kupewa vyeti kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978, na hapa nchini vyeti hivyo husimamiwa na mamlaka ya masuala ya baharini, KMA. Bandari Maritime Academy ya Mombasa ni miongoni mwa taasisi za umma zinazotoa mafunzo ya fani hiyo. Cheti cha ubaharia kisichotambuliwa na KMA hakitampandisha mtu ngazi ya meli yoyote.

Katika kazi kama ushonaji, useremala, uokaji na ususi, mwajiri au mteja hutazama zaidi mkono wa fundi. Hata huko, hata hivyo, cheti cha NITA kina uzito pale fundi anapotafuta kandarasi ya serikali au kazi nje ya nchi, kwa sababu wasiomjua huhitaji ushahidi wa ustadi wake.

Swali la tatu: Ngazi ipi inafuata?

Kozi nzuri ni ile isiyoishia ukutani. Chukua mfano wa utabibu. Kijana aliyehitimu diploma ya utabibu akasajiliwa na kufanya kazi, anaweza baadaye kurudi KMTC kusomea diploma ya juu katika tawi kama utoaji wa dawa za usingizi, magonjwa ya watoto au matibabu ya macho. Katika hospitali nyingi za kaunti, wataalamu wa aina hiyo ndio wanaomlaza mgonjwa usingizi kabla ya upasuaji au kumwondolea mtoto wa jicho.

Katika uhasibu, aliyepata C- hawezi kuanza moja kwa moja mitihani ya CPA, ambayo hudai C+. Lakini anaweza kuanza na diploma ya ufundi wa uhasibu ya KASNEB, na akiimaliza hukubaliwa kuingia katika CPA. Ninao rafiki waliopitia njia hiyo, na leo hakuna anayewauliza walipata nini katika kidato cha nne.

Kwa wenye diploma za ufundi, vyuo vikuu vingi huwakubali waliofaulu vizuri waendelee na shahada katika fani ile ile. Neno la kuzingatia ni “fani ile ile”. Aliyesomea mabomba kisha akataka shahada ya biashara atalazimika kuanza mambo mengi upya. Ndiyo sababu uchaguzi wa mwanzo una uzito.

Wapo pia waliojifunza kazi chini ya mti au katika vibanda vya jua kali, bila chuo. Ustadi wao haujapotea. Wanaweza kufanya mtihani wa NITA bila kuulizwa walisomea wapi, na nchi imekuwa ikijenga utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa ili nao waingie katika ngazi ile ya kitaifa. Fundi wa magari aliyefanya kazi miaka kumi Kariobangi au Changamwe hana sababu ya kuketi na vijana kufunzwa jinsi ya kushika spana.

Mpime mwanafunzi kabla ya kupima kozi

Maswali hayo matatu yanahusu cheti. Lakini mwenye kukisomea ni mtoto, naye pia sharti achunguzwe.

Tazama alama za kila somo wala si alama ya jumla tu. Kijana mwenye C- iliyojengwa kwa historia, dini na Kiswahili, huku hisabati yake ikiwa E, atateseka katika diploma ya umeme hata kama sheria inamruhusu kuingia. Mwenzake mwenye D+ lakini aliyefanya vyema katika fizikia anaweza kung’ara katika Kiwango cha 5 cha fani hiyo hiyo na kumpita baadaye.

Tazama pia anachokifanya bila kutumwa. Kuna mtoto anayefungua redio mbovu na kuirudisha ikiongea. Kuna anayepika wageni wakisahau kuondoka. Kuna msichana anayependa kazi ya vyuma lakini anaogopa kusema kwa sababu ameambiwa ni kazi ya wanaume. Mzazi asiyesikiliza hayo hulipia kozi ambayo mtoto ataiacha muhula wa pili.

Kisha nendeni chuoni pamoja siku ya kazi, wala msitosheke na picha za matangazo. Ombeni kuiona karakana. Mashine zikiwa zimefunikwa na vumbi, au sakafu isiwe na hata kipande cha mbao au chuma kilichokatwa, jueni mafunzo hapo ni ya ubaoni. Hesabuni wanafunzi wangapi hutumia mashine moja. Waulizeni waliotangulia walipata wapi nafasi za mafunzo ya nyanjani, kwani viwandani na katika makampuni ndiko wengi hupatia kazi ya kwanza.

Ni busara vilevile kuangalia uchumi wa eneo. Mitambo ya mvuke ya Olkaria huko Naivasha huhitaji watu wa kuunga mabomba na kuchomelea vyuma. Bandari ya Mombasa huhitaji waendeshaji na warekebishaji wa mitambo mizito. Hoteli za Pwani na mbuga zetu hutegemea wapishi na wahudumu, na kwa kazi hiyo Kenya Utalii College imekuwa ikitoa mafunzo tangu mwaka 1975. Mashamba ya maua na majani ya chai hayaendeshwi bila mafundi wa mitambo na majokofu.

Habari ya karo

Wazazi wengi hukimbilia vyuo vya vichochoroni wakidhani ni nafuu. Mara nyingi hesabu haiwaungi mkono.

Nafasi katika vyuo vya umma vya kiufundi hugawanywa na KUCCPS, shirika lile lile linalowapeleka wanafunzi katika vyuo vikuu. Mwanafunzi huomba mwenyewe kupitia intaneti, na hahitaji wakala. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoa ruzuku ya Sh30,000 kwa mwaka kwa wanafunzi wa vyuo hivyo, na wakaruhusiwa kuomba mikopo ya HELB. Utaratibu wa ufadhili umebadilishwa tangu wakati huo, kwa hivyo ni vyema kuuliza viwango vya mwaka husika katika ofisi ya chuo. La msingi limebaki kuwa mwanafunzi wa ufundi ana haki ya kuomba msaada wa umma kama mwenzake wa chuo kikuu.

Kuna pia basari za kaunti na za hazina ya maeneo bunge ambazo humfikia anayeomba mapema.

Nisieleweke vibaya. Vipo vyuo vya kibinafsi, vikiwemo vya mashirika ya kidini, vilivyo na karakana bora kuliko baadhi ya vile vya umma. Navyo vipimwe kwa maswali yale yale matatu, na vilivyo safi havitakasirika kuulizwa.

Kazi ya mwalimu

Lawama zote hazistahili kubebeshwa mzazi. Katika shule nyingi za upili, mwalimu wa ushauri wa taaluma ni mwalimu wa kawaida aliyeongezewa jukumu hilo juu ya vipindi vyake. Mazungumzo yake na wanafunzi wa kidato cha nne huwa juu ya shahada: nani ataomba udaktari, nani uanasheria. Wale watatu kati ya wanne hukaa nyuma wakisikiliza mambo yasiyowahusu.

Mwalimu angewasaidia zaidi kama angeanza mapema, katika kidato cha pili au cha tatu, akiwaeleza kwamba kuna milango kadhaa na kila mmoja una ufunguo wake. Siku moja ya kuwaalika fundi mwenye leseni, muuguzi na mwanateknolojia waeleze walivyopanda ingewafaa kuliko hotuba kumi za kuwahimiza watie bidii.

Jambo hili litazidi kuwa muhimu. Mwezi Januari 2026, kundi la kwanza la mtaala mpya lilianza Gredi ya 10 katika shule za sekondari ya juu, kila mwanafunzi akiwa katika mkondo wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Mtoto wa miaka kumi na mitano sasa anafanya uamuzi ambao zamani ulisubiri kidato cha nne. Akichagua mkondo bila kujua unaelekea kwenye cheti gani, tutakuwa tumelileta kosa la mpwa wangu miaka mitatu mapema.

Naye mpwa wangu? Baada ya mwaka mmoja wa kukaa nyumbani kwa aibu, alikwenda kumbebea vifaa fundi mmoja wa umeme mjini. Fundi huyo, ambaye hakuwahi kukanyaga kidato cha tano wala chuo kikuu, ndiye aliyempeleka kufanya mtihani wa NITA wa daraja la tatu, kisha wa pili. Baadaye kijana aliomba nafasi katika chuo cha umma kwa kutumia ile C- yake ya mwaka 2019, akakubaliwa kusomea diploma. Atahitimu akiwa na umri ambao wenzake watakuwa na watoto wawili.

Dada yangu hajawahi kunilaumu. Lakini nikienda kumtembelea huniambia maziwa ni ya kununua siku hizi, nami huelewa.

Kwa hivyo simu zikianza kulia tena matokeo yajayo yakitangazwa, sitakuwa na jina la kozi la kumpa mtu. Nitamwomba atafute karatasi na kalamu, aandike maswali yale matatu, kisha aende nayo hadi katika ofisi ya chuo pamoja na mwanawe. Pesa za karo zibaki nyumbani siku hiyo.